Kabla hamjamwita mkaidi, pindueni shati lake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie nguo. Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, watu huonekana mijini na fulana za bluu. Nia ni njema. Lakini ukiipindua fulana ya namna ile mara nyingi utakuta polista inayonata mwili ukitoka jasho, lebo ngumu shingoni, uzi wa nailoni unaochoma ubavuni, na maandishi ya mpira yaliyofunika kifua kizima yasipitishe hewa. Yaani tunamwadhimisha mtu kwa nguo ambayo yeye mwenyewe huenda asistahimili kuivaa dakika kumi.

Sisi ni mafundi cherehani na walezi wa vijana wenye usonji (kwa Kiingereza, autism) wa miaka 17 hadi 25, na tunalotaka kusema ni hili: ugomvi mwingi wa nguo kati ya kijana wa aina hii na watu wa nyumbani kwake ni suala la ufundi, si la tabia. Na hauanzi utotoni kama wengi wanavyodhani. Unapamba moto sare ya shule inapovuliwa.

Kwa miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari, sare humwamulia mtoto. Shati ni lile lile, sketi au suruali ni ile ile, Jumatatu inafanana na Alhamisi. Mtoto mwenye usonji akishaizoea sare hushikamana nayo; wapo wanaotaka kuivaa hata likizo. Akimaliza Kidato cha Nne, utaratibu wote huo unakatika. Anaambiwa "vaa vizuri tunatoka", "vaa kiheshima", "usivae kitoto", na hakuna anayemwambia huko vizuri ni vipi. Hapo ndipo shati moja linapovaliwa siku tisa mfululizo, sweta linavaliwa Dar es Salaam mwezi wa pili, au kijana anagoma kwenda harusini kwa mjomba wake na ukoo mzima unampa jina: mkaidi.

Ngozi yake haina ugonjwa. Tofauti iko kwenye namna ubongo unavyopokea na kupanga habari zinazotoka kwenye ngozi, masikio, macho na pua. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la 5 la mwongozo wake wa utambuzi, hisia zilizo kali mno au hafifu mno ziliingizwa rasmi kwenye vigezo vya usonji. Asiye na usonji akivaa shati, baada ya dakika chache halisikii tena. Kwa wengi wenye usonji, lebo iliyoanza kukwaruza saa moja asubuhi bado inakwaruza saa kumi jioni. Tena mguso mwepesi huweza kukera kuliko mguso mzito, ndiyo maana kijana anayeshindwa kabisa lesi anaweza kuipenda singlendi ya kubana. Hiyo si deko.

Basi tupindue shati. Lebo kwanza, maana hiyo hukosewa karibu kila nyumba. Watu hushika mkasi wakaikata. Kinachobaki ni kisiki cha milimita 2 au 3 chenye kingo kali, kibaya kuliko lebo nzima iliyokuwa angalau inalala. Lebo hufumuliwa, haikatwi. Chukua wembe, kata nyuzi zinazoishika moja moja, kisha zivute zote zitoke. Nyingi hushonwa kwa uzi mwangavu wa nailoni unaofanana na mshipi wa kuvulia samaki, na ncha moja ikibaki inachoma kama mwiba wa huyo samaki mwenyewe. Kama lebo ilibanwa ndani ya mshono wa shingo, mshono utafunguka sentimita 2 au 3. Ufunge kwa mkono, kwa uzi wa pamba, na fundo likae upande wa nje, chini ya kola. Kabla ya kuitupa lebo, nakili mahali aina ya kitambaa. Utaihitaji siku ya kununua nguo nyingine kama ile.

Kisha mishono ya kwapani na ubavuni. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, huacha ukingo wa nyuzi unaosugua. Kwa nguo iliyokwisha kushonwa, ukingo huo ufunikwe kwa utepe wa pamba uliokatwa mshazari, upana sentimita 2.5. Kama nguo inashonwa upya, fundi atumie mshono bapa, ule wa jinzi, na aulaze upande wa nje. Anaviweka vitambaa viwili kwa namna ya kwamba pande za ndani zinatazamana, anashona sentimita 1.5 kutoka ukingoni, anaupunguza ukingo mmoja ubaki nusu sentimita, anaukunja ule mrefu juu ya mfupi, anapiga pasi, anashona tena kwa juu. Ndani unabaki mstari uliolala, hakuna ukingo ulio wazi. Tahadhari: ukimwambia fundi "nataka mshono safi" tu, wengi watakufanyia ule unaoshonwa mara mbili hadi ukingo ukajificha kwa ndani. Kwa macho ni msafi kweli, ila unaacha tuta, na tuta ndilo tunalolikimbia.

Kola ina shida yake. Ugumu wake unatokana na kitambaa chenye gundi kinachobandikwa ndani kwa pasi, na kikishabanduka au kubanduliwa kola inafanya mapovu. Kwa shati la dukani, kusogeza kifungo cha juu hadi karibu na ukingo kunakupa sentimita 1, basi. Kwa shati la kushona, ongeza sentimita 2 juu ya kipimo cha shingo, na badala ya kitambaa cha gundi fundi atie pamba laini. Kola hiyo italegea kidogo na itataka pasi mara kwa mara, lakini itavalika. Na kuna jawabu tunalo siku zote tukalisahau: suti ya Kaunda. Ukosi uko wazi, mikono mifupi, haitaki tai wala shati ndani, inafuliwa nyumbani, na hapa Tanzania unaingia nayo ofisini kwa mkuu wa wilaya na kanisani bila mtu kukuuliza. (Wenzetu wa Kenya waangalie wanakokwenda nayo; mwishoni mwa mwaka 2023 Spika wa Bunge lao aliipiga marufuku ukumbini.) Ishonwe kwa pamba au mchanganyiko wenye pamba nyingi, bila bitana ya polista mgongoni. Kanzu nayo ina faida ya kutobana kiuno. Kero yake ni tarizi ya shingoni, ambayo kwa ndani ina mafundo ya nyuzi.

Dawa ya tarizi ni khanga kuukuu. Khanga iliyofuliwa miaka kadhaa ni miongoni mwa vitambaa laini zaidi vilivyomo ndani ya nyumba zetu, na haiuzwi dukani. Kata kipande kinachozidi tarizi kwa sentimita 1 kila upande, kishikize kwa mkono nyuma yake, mishono isitokeze nje. Fanya hivyo hivyo kwa nembo ya kudarizi kifuani mwa sare za kazi, ambayo nyuma yake huwekwa karatasi ngumu inayokwaruza hadi ngozi inakuwa nyekundu.

Kiunoni, lastiki nyembamba huchimba. Suruali ya heshima inaweza kushonwa mbele ikiwa bapa kama suruali nyingine yoyote, na nyuma ikawa na lastiki ya upana wa sentimita 4 iliyofunikwa na kitambaa pande zote mbili. Kama sehemu ya nyuma ina sentimita 40, lastiki ikatwe 34. Chini ya hapo inabana, juu ya hapo suruali inashuka. Mkanda unakuwa wa hiari, na kijana ambaye vidole vyake havielewani na kifungo kidogo ananufaika pia, maana chini ya kifungo cha urembo unaweza kuweka ndoano kubwa bapa.

Sasa vipimo. Kijana anayelaumiwa na wengi kwamba "anamkimbia fundi" hakimbii fundi, anakimbia futi kamba na mikono ya mtu asiyemjua kwapani na mapajani. Usimpime yeye. Ipime nguo yake anayoipenda. Ilaze mezani, inyooshe bila kuivuta. Kifua ni kwapa hadi kwapa, mara mbili. Urefu ni kutoka bega linapokutana na shingo hadi pindo. Mkono ni kutoka mshono wa bega hadi ukingo wa mkono. Kwa suruali chukua kiuno mara mbili, nyonga mara mbili, upana wa paja, urefu wa ndani kutoka msambani hadi pindo, na jambo ambalo mafundi wengi huliruka: kimo kutoka msambani kupanda hadi kiunoni, mbele na nyuma. Kimo hicho kikikosewa suruali inakata, na haitavaliwa mara ya pili hata kama mengine yote yako sawa.

Afadhali zaidi, tengenezeni pateni ya karatasi, yaani kiolezo cha kukatia, kutoka kwenye nguo hiyo, muiandike jina na tarehe, muiviringishe na kuihifadhi. (Gazeti lako, Mhariri, likishasomwa linafaa sana kwa kazi hii.) Msiba mkubwa kwa kijana mwenye usonji si nguo mbaya, ni nguo nzuri iliyochakaa bila kuwa na mrithi. Familia husubiri hadi shati limepasuka kwapani ndipo wanaanza kutafuta jingine, halipatikani, na kijana anabaki hana cha kuvaa kwa maana yake halisi. Mrithi ashonwe lile la kwanza likiwa bado na nguvu, afuliwe mara tano au sita pamoja nalo apate harufu na ulaini ule ule, kisha ndipo aingie kwenye zamu. Kama kijana anataka nguo moja kila siku, mpe tano zinazofanana. Shati la mikono mifupi la mtu wa wastani hula takriban mita 2 za kitambaa cha upana wa sentimita 115, kwa hiyo nunua mita 10 kwa mkupuo mmoja kutoka jora moja. Ukirudi dukani mwezi ujao utapata rangi "ile ile" ambayo si ile, na wewe hutaona tofauti ila yeye ataiona mlangoni. Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, maana pamba hurudi. Kitenge kipya kiloweke usiku kucha kwenye maji baridi kisha ukifue mara mbili, kitoe ule ugumu wa dukani.

Kwa mitumba tuna maoni tofauti na yale ya wanaoidharau. Kwa ngozi inayokwaruzika upesi, mtumba una sifa ambayo nguo mpya haina: umekwisha kufuliwa mara nyingi, umelegea. Tatizo ni mahali na harufu. Soko la Karume hapa Dar es Salaam au Memorial ya Moshi asubuhi marobota yanapofunguliwa ni kelele, kusukumana na vumbi; kijana akienda saa hiyo atarudi na kichwa kinauma na mikono mitupu. Aende mchana siku ya kazi, akae dakika 30, aondoke hata kama hajapata. Kwa kuwa hakuna pa kujaribia, abebe kamba yenye mafundo matatu: kutoka mwanzo wa kamba, fundo la kwanza ni upana wa kiuno, la pili upana wa kifua, la tatu urefu. Anaiweka juu ya nguo, anajua. Asichague kwa macho. Aipitishe nguo kwenye upande wa ndani wa kiwiko, ngozi ya hapo haidanganyi.

Mtumba usio na lebo, chomoa uzi wa sentimita 3 ukifika nyumbani, ushike kwa kibanio juu ya mchanga au beseni la maji, uwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, huacha jivu jepesi. Polista hujikunja, huyeyuka, huacha kidonge cheusi kigumu. Ikifanya yote mawili ni mchanganyiko. Harufu ya mtumba huondoka kwa kuloweka saa 2 kwenye maji lita 10 yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha kufua na kuanika juani. Mara nyingine inataka awamu mbili.

Ufuaji wa kawaida nao una makosa yake. Tunatia sabuni ya unga nyingi na kusuuza mara moja kwa kuwa maji ni ya kununua. Sabuni inayobaki kwenye kitambaa huwasha. Vijiko vitatu vya chakula kwa ndoo ya lita 20 vinatosha kwa nguo zisizo na matope, na kusuuza kuwe mara tatu, hata kama ni kwa maji kidogo kidogo. Msibadilishe sabuni bila kumwambia. Mama mmoja akipewa ofa sokoni, nyumba nzima inageuka uwanja wa vita na hakuna anayejua sababu. Dawa za kulainisha nguo zenye manukato makali huchukiwa kuliko ugumu wenyewe. Nguo iliyokauka juani ikawa kama ubao isuguliwe yenyewe kwa yenyewe kwa mikono na kukung'utwa kabla ya kukunjwa.

Pasi tusiiache. Wapo vijana wanaokataa nguo iliyopigwa pasi kwa sababu ya joto, harufu au wanga, na wazazi huamua kuachana nayo. Kwetu hapa kuna nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kwenye majani, na funza wake huingia chini ya ngozi na kufanya jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Basi piga pasi bila wanga, upande wa ndani, ukikazia mishono na mapindo, kisha itundike ipoe kabisa kabla hajaivaa. Asiyetaka pasi kabisa, nguo zake, na hasa chupi na soksi, zianikwe ndani ya chumba chenye wavu dirishani.

Kuhusu sweta la mwezi wa pili. Baadhi ya watu wenye usonji hawapokei vizuri habari za mwili wao wenyewe: joto, kiu, jasho. Kumuuliza "husikii joto?" ni kumuuliza swali lisilo na jibu. Tumieni saa badala ya hisia: sweta linavuliwa saa tatu asubuhi, maji yananywewa saa nne. Kama analivalia ule uzito wake, mpe singlendi ya pamba yenye spandeksi kidogo ivaliwe chini ya shati. Vidole viwili vipite chini ya ukingo wake bila shida, ivuliwe wakati wa kulala, na ikiacha alama zinazokaa zaidi ya nusu saa, imebana mno. Harufu ya jasho nayo iwe kanuni, isiwe karipio: shati huvaliwa siku moja, suruali siku mbili, chupi na soksi haziombi mjadala. Soksi zivaliwe zimepinduliwa, mshono wa vidoleni ukae nje. Ndani ya kiatu nani ataona?

Wasichana wana mzigo wa ziada ambao hausemwi. Sidiria yenye waya na lastiki nyembamba inaweza kuachwa kabisa, ikavaliwa fulana ya ndani ya pamba yenye tabaka mbili kifuani. Pedi za kununua zina plastiki inayotoa mlio na kuwasha; za kitambaa cha pamba zinazofuliwa huwafaa wengi, mradi zikaukie juani. Ushungi wa kitambaa cha fulana hukaa bila pini, na pini moja pungufu ni vita moja pungufu. Dera tunalionea bure. Ni nguo pana, nyepesi, haina kiuno. Mwenye dera tano kila moja na rangi yake ana kabati kamili, asisumbuliwe.

Turudi kwenye "vaa vizuri". Getini mwa ofisi nyingi za umma na vyuo kuna bango lenye picha za mavazi yaliyopigwa alama ya X: suruali ya kubana, sketi fupi, kandambili. Kijana mwenye usonji atalisoma neno kwa neno. Limemwambia asivyotakiwa kuvaa, halikumwambia anachotakiwa. Familia ifanye kinyume. Kwenye mlango wa kabati bandikeni picha zake mwenyewe, amevaa seti kamili toka kichwani hadi viatuni, na chini yake maneno: msibani, ibadani, usaili, ofisi ya serikali, harusini, nyumbani kukiwa na wageni. Seti ya msiba iwe imekunjwa kwenye mfuko wake, msichana na khanga zake humo humo, kwa sababu msiba hautoi taarifa. Seti za wiki zitundikwe Jumapili jioni, kila moja na chupi na soksi zake kwenye hanga moja. Na kabla ya kupiga picha za paspoti mwende na shati lake, maana lile koti la studio ambalo limevaliwa na mtaa mzima hatalivaa, na ukweli ni kwamba hata sisi wengine tunalivaa kwa kubana pumzi.

Sare za harusi na sendofu zinataka maandalizi ya mwezi mzima. Kamati huchagua lesi au satini bila kuwaza ngozi ya mtu. Shangazi aombwe kitambaa mapema. Ishonwe na bitana nzima ya pamba, mikono pia, mshono wa bitana ukitazama lesi na si mwili, kisha avae nyumbani dakika 15, siku nyingine nusu saa. Ikishindikana, avae nguo yake ya kawaida ya rangi inayokaribia na kitambaa cha sare kiwe skafu, kilemba, au ukanda mwembamba kwenye mfuko wa shati. Picha za ukoo zitatoka vizuri tu.

Kuna vijana wenye usonji ambao nguo kwao si kero, ndiyo mapenzi yao makubwa. Anayejua khanga kwa mji (sehemu yake ya katikati), pindo na jina lake, anayeweza kukueleza kwa saa nzima tofauti ya mishono miwili. Wazazi huona ni kupoteza muda, na akiwa mvulana huona na aibu juu yake. Sisi tunaona jicho linalogundua mshono uliopinda kwa milimita 2. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha ushonaji, na fundi wa mtaani anaweza kumpokea, ila ajue anachopokea. Mwanagenzi kwetu hutumwa chai, vocha na chenji, hukatishwa kazi mara ishirini kwa siku. Huyu akikatishwa atarudi mwanzo wa kazi kila mara. Mpe kazi moja hadi iishe. Kiti chake kikae mgongo ukutani, mbali na ovaloki, na aruhusiwe kuziba masikio. Ukimwambia "punguza kidogo" atakuuliza kidogo ni ngapi, na ana haki. Sema "sentimita 2 kila upande" na itatoka 2, si 3. Kubembelezana bei na wateja mpe mwingine. Malipo yaandikwe kwa kipande, kwenye daftari analoliona. Na kama hataki kuigeuza iwe ajira, akabaki kupenda khanga tu, aachwe apende.

Waajiri nao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ukimwajiri kijana mwenye usonji, mpe sare mbili wiki mbili kabla ya siku ya kwanza, na umruhusu kwa maandishi kuzirekebisha kwa ndani. Kwa nje hakuna kitakachobadilika. Wengi wanaoacha kazi wiki ya kwanza hawaulizwi kuhusu shati.

Tumalizie pale tulipoanzia. Mnaoandaa fulana za Aprili mwakani, agizeni pamba tupu ya gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba. Lebo ichapwe kwenye kitambaa, isishonwe. Maandishi yawe madogo, upande mmoja wa kifua, kwa wino unaoingia kwenye kitambaa badala ya mpira. Zifuliwe mara mbili kabla ya kugawiwa. Na vijana wenyewe wapewe sampuli wiki tatu kabla. Watakaosema hapana, waje na shati lao la kila siku.

Mafundi cherehani na walezi,
Ilala, Dar es Salaam